Mdakaji wa Bascom Mill

Zamani kwaya ikishindwa iliwapigia washindi makofi mpaka viganja vikawaka moto, siku hizi ikishindwa humtafuta wa kulaumiwa kabla jasho halijakauka.

Verlin Stoops aliziona zama zote mbili akiwa nyuma ya jukwaa. Alikuwa fundi wa matrekta pale Bascom Mill, mji mdogo wa Indiana uliozungukwa na mahindi pande zote, na yeye mwenyewe hakuwa mwimbaji. Kanisani mkewe alikuwa akimkanyaga mguu kila alipojaribu. Lakini shule ya sekondari ya mji ilikuwa na kwaya ya maonyesho, zile kwaya ambazo vijana huimba huku wakicheza, wamevaa mavazi ya kumetameta, na kwaya ya namna hiyo haisimami hewani. Husimama juu ya vidato vipana vya mbao, kimoja juu ya kingine, na vidato vya Bascom Mill alivitengeneza Verlin kwa mikono yake. Alijua ubao upi hulia na upi hunyamaza.

Siku hizo akina mama walishona mapambo ya magauni mezani jikoni, wakisengenyana. Kwaya ngeni ikifika kwenye shindano ilipewa darasa lake la kupumzikia, na ndani ilikuta pai ya sukari na maneno ya kuwatakia heri ubaoni. Aliyemaliza kuimba hakwenda kujificha kwenye basi. Alikaa ukumbini awapigie makofi wanaofuata. Majaji walikuwa walimu wa muziki wa jirani, pamoja na yule mama mpiga kinanda wa kanisa la Methodisti. Wakikosea, watu walisema, "Leo wamekosea," wakaenda kula. Na wakati wa kutangaza matokeo wanafunzi viongozi wa kwaya zote walisimama jukwaani wameshikana mikono, na hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake mpaka jina la mwisho lisomwe.

Kisha akaja Royce Kessinger, mwalimu kijana wa kwaya ya Wexley, mji wa upande wa pili wa mto. Alikuja na shati jeusi, meno mazuri, na kitabu cha kanuni.

Mwaka huo Darla, binti wa pekee wa Verlin, alikuwa katika mwaka wake wa mwisho shuleni, na alisimama kidato cha juu kabisa, mstari wa nyuma. Siku ya shindano, lililofanyika mji wa jirani, hakuwa amekula tangu asubuhi ili gauni limkae. Ulipofika wimbo wa taratibu, ule ambao vijana husimama wima bila kucheza, alikaza magoti kama wanavyokaza wote wakiwa na hofu, na anayekaza magoti damu humkataa kichwani. Verlin alikuwa nyuma ya vidato pamoja na baba wengine waliobeba vyombo. Aliiona shingo ya bintiye ikilegea. Hakufikiri. Alitia mguu jukwaani, akamdaka akija kinyumenyume, akamlaza chini kwenye giza. Wimbo haukukatika, na watu wengi ukumbini hawakujua kama kuna mtoto aliyeanguka.

Royce alijua. Kabla majaji hawajamaliza kujumlisha alikwenda mezani kwao na kitabu chake, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Kanuni ilisema mtu mzima wa kwaya inayoimba asitie mguu jukwaani tangu sauti ya kwanza hadi ya mwisho. Iliwekwa kuwazuia wazazi wasiingie kusogeza viti, na hakuna aliyewahi kuitumia. Siku hiyo ilitumika. Bascom Mill wakakatwa alama, kombe likavuka mto na Wexley. Na jukwaani, kwa mara ya kwanza katika wilaya ile, viongozi waliachiana mikono kabla ya jina la mwisho.

"Kanuni ni kanuni, ndugu yangu," Royce alimwambia Verlin mlangoni. "Usiitie moyoni. Si jambo la mtu."

Kwenye basi la kurudi hakuna aliyekaa karibu na Darla. Hakuna aliyemtukana. Walimwachia kiti kizima, na ule upana ulimchoma kuliko tusi. Kabla theluji haijayeyuka alirudisha gauni shuleni likiwa limekunjwa, na hakuimba tena. Alikwenda kuishi Oregon, mbali kadiri nchi inavyoruhusu. Mama yake alipozikwa alikuja, akasimama mstari wa mbele, na nyimbo zote za maziko zikapita mbele ya mdomo wake uliofungwa.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Verlin alirudi kwenye matrekta yake, akanyamaza, akafanya mambo mawili.

La kwanza watu walimsifia. Kwenye shindano la Bascom Mill, lililofanyika kila majira ya baridi, alijiteua mwenyewe kuwa mdakaji. Kanuni iliwafunga watu wazima wa kwaya inayoimba. Haikumfunga mwenyeji, ambaye kwaya yake hairuhusiwi kushindana nyumbani kwake. Basi Verlin alisimama nyuma ya vidato kwa kila kwaya, na kabla haijapanda aliwaambia baba zao maneno yale yale: "Mtoto akianguka, mwachieni mwenyeji. Mkono wangu hauna adhabu, mguu wenu unayo." Alidaka watoto wengi. Wengine walimtumia kadi za Krismasi.

La pili halikueleweka na mtu. Kila vuli kamati ya wazazi ilipokaa kupitia kanuni, palikuwa na mtu wa kusema kanuni ya mguu imepitwa na wakati, mashindano mengine yote yameifuta. Verlin aliinua mkono na kukataa. Walidhani mzee anajali usalama. Alikuwa akitunza mtego, akiupaka mafuta kila mwaka, akimsubiri mnyama mmoja ambaye tangu siku ile hakuwahi kuvuka mto.

Mwaka wenyewe ulipofika, habari aliipata jikoni mwa shule. Lorna Dillman, mwenyekiti wa wazazi, alikuwa anakoroga sufuria kubwa ya maharage na nyama, miwani imejaa mvuke.

"Onja hii, Verlin, halafu usinigombeze."

Akaonja. "Chumvi."

"Wexley wanakuja."

Verlin akarudisha kijiko taratibu. "Wexley ya Kessinger?"

"Kwani kuna nyingine? Theluji imebomoa paa la ukumbi walikokuwa waende. Wameomba nafasi, nimewapa. Kwaya mbili za orodha yetu zimejitoa, mzee, ukumbi ungekuwa mtupu. Mambo yenu yale ni ya kale."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa," Lorna akasema, akaongeza chumvi.

Wexley walifika na malori mawili yaliyochorwa jina lao ubavuni, taa zao wenyewe, na dada mmoja wa kuajiriwa wa kushughulikia nywele tu. Darasa walilopewa lilikuwa na pai. Walizisogeza pembeni wakaweka vioo. Royce Kessinger aliteremka wa mwisho. Nywele zilikuwa zimekwisha utosini, lakini shati bado lilikuwa jeusi. Alimwona Verlin penye mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo, akamwendea na mkono mbele.

"Verlin. Siku nyingi."

"Nyingi."

"Natumaini yale tulishayazika."

"Huku kwetu majira haya ardhi inaganda, mwalimu," Verlin akasema akiushika ule mkono. "Kuzika ni kazi."

Royce alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu mwenzake hakuwa anacheka.

Isidhaniwe Verlin alilegeza komeo la kidato. Wazo hilo lilimjia, naye akalifukuza kama mbwa mwizi. Alipiga magoti chini ya vidato akakaza kila komeo kwa ajili ya Wexley, akalikaza tena, kuliko alivyowahi kuwakazia watoto wa mji wake. Alitaka kisasi safi, kisicho na kidole chake hata kimoja. Alitaka Royce Kessinger aangushwe na ile kanuni aliyoitumia yeye, mbele ya watu, kwa sauti ya kipaza sauti.

Baba aliyesimamia vyombo vya Wexley alikuwa mwanamume mnene, mchomeleaji vyuma, aitwaye Rusty Oberholt. Alikuwa mtu wa maneno mengi na bashasha nyingi.

"Vidato vizuri hivi, mzee. Vya kwetu vya chuma vinapiga kelele kama kuku. Wewe ndiye uliyevitengeneza?"

"Mimi."

"Ningekuwa na mkono huo mke wangu asingenifukuzia karakanani." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Haya, tuko tayari. Kuna lingine tunalopaswa kujua kabla hatujapanda?"

Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno ya Verlin. Asubuhi ile alikwisha kuyasema kwa kila kwaya iliyotangulia. Mtoto akianguka, mwachieni mwenyeji. Aliitazama ile sura nyekundu yenye tabasamu.

"Mlango wa lori ufungeni," akasema. "Baridi inaingia."

Wexley waliimba vizuri, hilo Verlin hakulikana hata baadaye. Nyimbo za mwanzo ziliutikisa ukumbi. Wasichana walibadilisha magauni gizani kwa kufumba na kufumbua, mekundu yakawa meupe. Mama waliokuwa wakiuza bisi waliacha kuuza. Katika meza ya majaji, jaji mkuu, Bi. Althea Prewitt, mwanamke mrefu aliyejulikana kwa kutotabasamu, alikuwa ameweka kalamu chini anasikiliza tu. Kombe lilikuwa lao, na kila mtu alilijua hilo, na Royce aliyekuwa mbele karibu na bendi alilijua kabla ya wote.

Ndipo ukaja wimbo wa taratibu.

Palikuwa na msichana kidato cha juu, mstari wa nyuma, mwembamba, nywele zimebanwa kwa utepe. Verlin alimtambua tangu mwanzo. Si jina wala sura, alitambua magoti. Yalikuwa yamekazwa. Alimwona anavyomeza mate. Akaona ule weupe unaopanda masikioni, kisha mkono mmoja ukitafuta kitu cha kushika na kukosa. Alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe, kwani kwa miaka yote ile ilikuwa imezoea.

Verlin akaitia mikono mifukoni.

Shingo ikalegea. Msichana akaja kinyumenyume, na Rusty Oberholt, aliyekuwa hatua chache pembeni, akatoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni, akaruka. Buti lake lilitua jukwaani, kubwa, lenye tope la theluji. Akamdaka. Safari hii wimbo ulikatika, maana wenzake wawili waligeuka, na mwingine akapiga kelele. Taa zikawashwa.

Je, angemwacha aanguke mpaka chini? Baadaye Verlin alijiambia kuwa hapana, kwamba aliyaona magoti ya Rusty yakikunjwa kabla hajatia mikono mfukoni. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Kwenye chumba cha majaji Bi. Prewitt alikuwa amesimama.

"Bwana Stoops, unaniambia niikate kwaya hii alama kwa sababu baba mmoja amemwokoa mtoto asivunjike shingo?"

"Nakwambia mguu wa mtu mzima umeingia jukwaani."

"Hakuna shindano jingine nchini lililobaki na kanuni hii."

"Hili linayo. Ulitumiwa kanuni kabla hujaja, hukulalamika."

"Nalalamika sasa. Nimehukumu kwaya tangu wewe una nywele. Hawa ni wa kwanza, kwa mbali. Nikiwakata, kombe linakwenda kwa kwaya ya Elm Prairie, walio wa pili, na Elm Prairie wenyewe wataona aibu kulishika."

"Mama," Verlin akasema, "wewe umekuja kuhukumu sauti. Mguu ni wangu."

Majaji wengine walitazama sakafu. Bi. Prewitt akaketi, akakata alama.

Pale Bascom Mill adhabu husomwa hadharani kabla ya matokeo, na kwa kawaida huisoma Lorna. Verlin alimwomba kipaza sauti. Lorna alikishika kidogo kabla ya kukiachia. "Hujawahi kukitaka," akasema. "Leo nakitaka," akajibu.

Viongozi wa kwaya walikuwa jukwaani, wameshikana mikono. Verlin alitangaza kwamba kwaya ya Wexley imekatwa alama kwa mguu wa mtu mzima jukwaani wakati wa wimbo. Ukumbi uliguna. Wazazi wa Wexley walisimama, mmoja akaita, "Aibu!", mwingine akauliza kama mzee amerukwa na akili. Verlin alisikia yote, na yote yalimwingia kama supu ya moto kwa mtu aliyetoka kwenye theluji. Alimtafuta Royce kwa macho. Alimwona amekaa, mikono magotini, rangi imemtoka. Elm Prairie walipotajwa washindi, kiongozi wao alilishika kombe kama mtoto wa watu aliyemlilia mkononi.

Kwa miaka yote Verlin alikuwa na sentensi aliyomwekea Royce. Aliifanyia mazoezi chini ya matrekta. Royce angekuja na hasira, angesema mtoto angeumia, angelia dhuluma; na Verlin angemwambia, "Kanuni ni kanuni, ndugu yangu. Usiitie moyoni." Alikwenda kusimama kwenye korido penye makabati ya wanafunzi, akasubiri.

Royce alikuja kweli. Alisimama mbele yake, akafungua mdomo. Verlin akavuta pumzi.

"Ameamka," Royce akasema. "Anakunywa maji." Akapita zake.

Ikabaki sentensi, haina pa kwenda.

Baada yake alikuja Rusty. Sasa hakuwa na tabasamu.

"Baba mmoja wa Elm Prairie ameniuliza kwa nini sikukuachia wewe," akasema. "Anasema huwa unawaambia wote. Mwachieni mwenyeji. Amelikariri, mzee, utadhani sala."

Verlin alisukuma kwa kidole mlango wa kabati uliokuwa wazi.

"Mimi nilikuuliza. Nilisimama pale nikakuuliza kama kuna lingine. Ukaniambia nifunge mlango wa lori."

"Mlango ulikuwa wazi."

Rusty alimtazama kama anayetazama chuma kilichopasuka, akitafuta ufa ulipoanzia. "Una watoto, mzee?"

"Ninaye mmoja."

"Basi," Rusty akasema, akatikisa kichwa, akaondoka.

Verlin aliingia ofisi ndogo ya walimu wa michezo, akafunga mlango, akampigia simu Darla. Hakuweza kungoja Jumapili, siku yao ya kuzungumza. Huko Oregon bado ilikuwa mchana, na alisikia maji yakitiririka kwenye sinki.

"Baba? Kuna nini?"

Akamsimulia. Alianza na paa lililobomoka, akafika kwenye magoti, akapita haraka mahali pa mikono na mifuko, akakaa sana kwenye kipaza sauti na sura ya Royce. Alisimulia vizuri, hakuwahi kusimulia kitu vizuri namna ile. Alipomaliza akangoja. Maji yalikuwa yamefungwa.

"Alikuwa kidato cha juu?" Darla akauliza.

"Pale pale pako."

"Na wewe ulikuwa nyuma yake."

"Nilikuwa nyuma yake."

"Anaitwa nani, Baba?"

"Nani?"

"Msichana."

"Sijui. Sikumfuata yeye, Darla, nilimfuata Kessinger. Ni kwa ajili yako."

"Nenda kamuulize jina lake," Darla akasema, na simu ikakatwa.

Alitoka kwa mlango wa kupakulia. Jua lilikuwa linazama nyuma ya ghala la mahindi, na theluji ilikuwa ya buluu. Moja ya malori ya Wexley lilikuwa limekwisha kufungwa. Kwenye ukingo wa lile jingine alikaa yule msichana amefunikwa koti la kiume, miguu ikining'inia, soksi tu. Royce Kessinger alikuwa amesimama pembeni ameshika viatu vya msichana, kimoja kila mkono, kama mtu asiyejua pa kuviweka.

Verlin alibaki kizingitini. Alijua kitakachofuata, alikwisha kukiona. Wanakwaya wenzake watampita yule msichana mmoja mmoja bila kumwangalia, wapande basi, wamwachie kiti kizima. Alitaka kuliona hilo. Adhabu iliyosomwa ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa hii, na Royce aitazame kwa macho yake, ajue alichokileta.

Wakatoka. Wasichana kwa wavulana, makoti juu ya mavazi ya kumetameta, pumzi zikifuka. Hawakwenda kwenye basi. Walimzunguka. Mmoja alipanda akakaa kulia kwake, mwingine kushoto, wakabanana mpaka pakawa hapana nafasi. Kuna aliyesema kitu kuhusu pai ya sukari, kwamba angekula hata nusu asingezimia, na msichana akacheka huku analia. Kisha mmoja akaanza ule wimbo wa taratibu, akiushika pale pale ulipokatika, na wengine wakaingia sauti baada ya sauti, bila bendi, bila taa. Royce hakuinua mkono kuwaongoza. Alisimama na viatu.

Waliumaliza. Rusty alimbeba msichana kumwingiza kwenye basi, na wote walipokuwa wakipanda walikuwa wakimwita kwa jina, wakigombea nani akae naye. Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni hadi pale, lakini upepo ulikuwa unavuma upande wa mashamba, na Verlin hakulisikia jina lenyewe. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo la mlango. Aliona tena kile kiti kitupu karibu na bintiye, na akahisi ameibiwa na watu wale wale mara ya pili.

Basi liligeuka penye ghala la mahindi, taa zake za ndani zikiwaka, vichwa vingi vimekusanyika kwenye kiti kimoja. Hawakurudi Bascom Mill tena, na Verlin hakuwaona tena.